Pengwini wa Papua: kwa nini picha za ndege za miaka ya 1700 zina makosa, na kwa nini bado tunazihitaji

Kuna pengwini mmoja jina lake la kisayansi ni Pygoscelis papua. Hiyo papua ni Papua ileile unayoijua, New Guinea, kisiwa cha misitu na joto la kukutoa jasho umekaa tu, na pengwini huyu hajawahi kuishi huko hata siku moja. Kwao ni visiwa vya Falkland, Georgia Kusini na kule kwenye barafu za Antaktika. Sasa Papua imeingiaje?

Imeingia kupitia kitabu chenye picha. Jamaa mmoja Mfaransa, Pierre Sonnerat, ambaye kituo chake kilikuwa Mauritius enzi hizo ikiitwa Île de France, mwaka 1776 alichapisha kitabu cha safari yake ya New Guinea, ndani akaweka michoro ya pengwini akasema hawa nimewakuta huko. Kumbe New Guinea penyewe hakufika, aliishia visiwa vya jirani. Miaka mitano baadaye, 1781, mtaalamu Mjerumani Johann Reinhold Forster akaichukua ile stori kama ilivyo akampa ndege jina la Kilatini lenye Papua ndani yake. Na cha kushangaza ni kwamba huyu Forster si mtu wa kukaa ofisini tu, alishazunguka bahari za kusini na nahodha James Cook kuanzia 1772 mpaka 1775, pengwini kawaona kwa macho yake wamejipanga kwenye baridi yao, na bado akakubali kwamba kuna wenzao wanaota jua Papua. Mkumbukeni huyu baba, na mwanae, tutarudi kwao.

Jina likishatolewa ndo limetoka, sheria ya majina ya kisayansi inalilinda lile la kwanza hata kama linadanganya. Na sio pengwini peke yake. Yule ndege wa Australia anayecheka kama mtu, kukabara, wa jamii ya mdiria, jina lake la kisayansi linasema katoka New Guinea pia, na New Guinea hayupo. Chanzo ni familia ileile ya vitabu, safari hii picha ya Kifaransa iliyoandikwa chini yake kwamba ni mdiria mkubwa wa New Guinea.

Watu wengi tukiziona hizi picha za karne ya 18, zile zinazowekwa fremu kwenye korido za hoteli, tunazichukulia kama kamera ya zamani. Yani mchoraji kajificha kichakani, ndege katua, jamaa akachora. Hapana. Mara nyingi mchoraji yuko London au Paris, ndege ametoka bara lingine na amekufa miezi au miaka iliyopita, na kati ya yule ndege na ile picha unayoiona wamepita watu watano sita: aliyempiga, aliyemkausha, aliyemsafirisha, aliyemchora, aliyehamishia mchoro kwenye shaba, aliyepaka rangi. Kila mmoja kaongeza lake au kapunguza. Ndo maana mi naona zisomwe kama ushahidi wa mahakamani, unauliza huyu shahidi alikuwepo au kaambiwa?

Tuanze na maiti, maana hapo ndo shida yote ilipo.

Mwaka jana chozi dume, yule ndege mdogo anayenyonya maua, aligonga kioo cha dirisha letu la jikoni akafa palepale. Nikamchukua mkononi nikasema ngoja nimchore, sina kipaji lakini basi tu. Kifuani anang'aa kijani, ukimgeuza kidogo inakuwa kama bluu, ukimgeuza tena inakuwa nyeusi kabisa, rangi imeondoka. Nikahangaika na penseli za rangi za mtoto mpaka nikachoka. Nikamweka kwenye sahani nikaenda kufanya mambo mengine, narudi jioni jicho limeshaingia ndani limekuwa kama kokwa la pilipili lililokauka, miguu imebadilika rangi, na sisimizi wameshajipanga foleni. Na hapo ni masaa tu. Sasa mfikirie ndege huyo yuko kwenye meli, miezi sita, ndani ya pipa au sanduku, kwenye joto la bahari.

Manyoya yenyewe yanadumu vizuri. Kinachoondoka haraka ni rangi ya jicho, ya mdomo, ya miguu, ya ngozi tupu ya usoni, na bahati mbaya hivyo ndo vitu vinavyotofautisha ndege wengi. Mchoraji akipokea ngozi iliyokauka jicho halipo, kuna pamba au kishanga cha kioo. Afanyeje? Anakisia. Ndo maana ukizicheki picha nyingi za wakati ule macho yanafanana, duara la njano au kahawia lenye nukta nyeusi katikati, ndege wote wanakutolea macho kama wamefumaniwa.

Kuhifadhi kwenyewe kulikuwa majaribio. Pale Paris, Réaumur, mmoja wa watu waliokuwa na mkusanyiko mkubwa kabisa wa ndege Ulaya, alihangaika na njia kibao, pombe kali, kujaza ndani, hata kuwakausha kwenye oveni kama mkate. Adui mkubwa walikuwa wadudu wanaokula manyoya na ngozi, wakiingia kabati moja ndani ya mwaka unabaki na vumbi na mifupa. Dawa iliyokuja kufanya kazi kweli ilikuwa sabuni ya arseniki, sumu hasa, iliyobuniwa na mfamasia wa mji wa Metz aitwaye Bécoeur, ila jamaa aliibana fomula yake kama siri ya biashara, akafa nayo 1777, ikaja kuchapishwa karne inaisha. Kwa hiyo karne yote ya 18 ndege wanaoza. Ndege wa Hans Sloane, yule daktari ambaye mali zake ndo zilianzisha British Museum, karibu wote wamepotea. Picha zikabaki. Karatasi imeishi kuliko mwili.

Sio wote waliochora maiti lakini. Mark Catesby, Mwingereza, yeye alikwenda mwenyewe. Mara ya kwanza Virginia kuanzia 1712, mara ya pili Carolina 1722, akaenda mpaka visiwa vya Bahama, akarudi London 1726. Anasema kabisa kwenye utangulizi wake kwamba ndege aliwachora wakiwa hai isipokuwa wachache sana, na kwamba alijitahidi kumweka kila ndege na mmea anaoula. Leo tunaona kawaida ila kipindi hicho ilikuwa jambo geni. Mwangalie yule ndege wake wa bluu, wa jamii ya kunguru: kasimama kwenye mtambaa wenye matunda meusi, kishungi kimesimama, mdomo wazi mpaka ulimi unaonekana, unamsikia anavyopiga kelele. Mtu aliyeona ngozi iliyokauka hawezi kuchora vile, hata awe fundi kiasi gani.

Na Catesby fundi hakuwa. Anakiri mwenyewe kwamba hakusomea uchoraji na anaomba radhi kwa makosa ya kuonyesha kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Ndege wake ni bapa kidogo, kama wamekatwa na mkasi. Halafu ana vituko vyake, flamingo kamchora amesimama mbele ya kitu kama mti mweusi usio na majani, ukichunguza kumbe ni kiumbe cha baharini cha jamii ya matumbawe kilichokuzwa mpaka kikawa kama mti. Kwa nini? Ukurasa ulikuwa na nafasi na vyote vilitoka Bahama, nadhani ndo hivyo tu.

Pesa nazo. Kuwalipa mafundi wa kuchonga picha wa Paris au Amsterdam hakuweza, ikabidi ajifunze kuchonga mwenyewe ukubwani, akakopeshwa hela na rafiki bila riba, akawa anatoa kitabu kwa mafungu ya picha 20, walioweka oda wanalipa fungu kwa fungu. Fungu la kwanza 1729, la mwisho kabisa la nyongeza 1747, jumla picha 220. Karibu miaka 20 ya maisha. Na tusijidanganye kwamba alitembea msituni peke yake, anataja mwenyewe kwamba aliajiri mwenyeji, Mhindi Mwekundu kama walivyowaita, kumbebea sanduku la karatasi na rangi. Jina lake hakuliandika. Na Carolina yenyewe ilikuwa koloni la mashamba ya watumwa, sehemu ya hela zilizolipia elimu hii ya ndege zilitoka kwenye mashamba kama hayo, Sloane mwenyewe alikuwa na mapato ya mashamba ya sukari ya Jamaika kupitia mke wake.

Sasa jinsi picha inavyofika kitabuni. Unachukua bamba la shaba, unalipaka nta, unachora kwa sindano ukiikwangua nta, unamwagia asidi, asidi inakula shaba pale tu palipokwanguliwa. Unasafisha, unajaza wino kwenye mifereji, unafuta juu, unabana na karatasi yenye unyevu. Ikitoka imegeuka, kulia ni kushoto. Na imetoka nyeusi tupu! Hakuna rangi. Rangi ilipakwa kwa mkono, kopi moja moja, kitabu kimoja baada ya kingine. Chukua picha 220 zidisha kwa kopi mia na kitu uone kazi. Walioifanya mara nyingi ni wanawake na watoto, wanalipwa kidogo, wanakaa mezani na picha ya mfano mbele yao, huyu anapaka bluu kwenye kopi zote, mwenzie anafuata na nyekundu. Wachache tu majina yao yanajulikana. Eleazar Albin, aliyetoa kitabu chake cha ndege kuanzia 1731, alisaidiwa na binti yake Elizabeth, na baadhi ya picha zina jina la huyo binti, jambo la nadra.

Kwa hiyo ukikuta kopi mbili za kitabu kimoja, ndege yuleyule huku ana kifua cha machungwa na kule chekundu, usishangae, pengine aliyepaka alichoka, pengine rangi iliisha siku hiyo. George Edwards, aliyejifunza kuchonga shaba kwa Catesby, aliliona hili mapema, akapaka seti moja kwa mkono wake mwenyewe akaiweka maktaba ya Chuo cha Madaktari London alikokuwa akifanya kazi, iwe ndo kipimo, mtu akibishana rangi aende akalinganishe. Napenda sana akili hiyo.

Rangi zenyewe nazo zina tabia. Nyeupe inayotengenezwa kwa madini ya risasi ikikaa kwenye hewa chafu ya mji wa makaa inageuka nyeusi, kwa hiyo kuna ndege weupe kwenye vitabu vya zamani ambao leo wana mabaka kama wamepakwa masizi, ukiwa hujui utaandika spishi mpya. Na ule mng'ao wa chozi wangu? Ule si rangi, ni mwanga unavyochezwa na umbo la unyoya wenyewe, huwezi kuununua kwenye chupa. Mpaka kwenye 1800 ndo Wafaransa wakajaribu kuchapa ndege wadogo kwa dhahabu halisi ili wang'ae, wakatoa vitabu vya bei ya kutisha.

Hapa ndo anaingia Linnaeus, na ndo hapa makosa ya picha yanageuka kuwa sheria. Mwaka 1758 kule Sweden anatoa toleo la 10 la kitabu chake cha kupanga viumbe vyote, kila mnyama majina mawili ya Kilatini, na majina ya ndege tunayotumia leo yanahesabiwa kuanzia hapo. Ndege wa Amerika na Asia angewaonea wapi? Kwenye picha. Alifungua Catesby, akafungua Edwards, akawa anatoa majina. Maana yake kuna ndege kibao ambao msingi wa jina lao sio ndege, ni ukurasa. Leo mtaalamu akitaka kujua Linnaeus alimaanisha ndege gani hasa haendi kwenye droo ya makumbusho, anaenda kwenye ile picha, na mikono ya wale watoto waliopaka rangi.

Hata ndege wa nyumbani kwake aliwakosea. Bata mwitu wa kawaida kabisa, yule dume wa kichwa cha kijani na jike wa kahawia, Linnaeus aliwapa majina mawili kama spishi mbili tofauti. Mume na mke! Lawama sio zote zake, vitabu vilipenda madume maana madume ndo wana rangi, Catesby anasema wazi alichora zaidi madume kwa sababu majike hawavutii. Jike akionekana peke yake bila utambulisho anakuwa mgeni. Na yule ndege wa peponi wa New Guinea, hii safari kweli katoka huko, ngozi zake zilifika Ulaya kibiashara miguu imeshakatwa, ikazuka imani kwamba hana miguu, anaelea angani maisha yake yote. Kufikia 1758 wasomi walishajua ana miguu kama ndege yeyote, Linnaeus akamwita apoda hivyohivyo, asiye na miguu.

Wafaransa walikwenda kwa wingi. Chini ya Buffon, msomi wao mkubwa wa viumbe, zilitolewa picha 1,008, kati ya hizo 973 za ndege, mchoraji wao Martinet na kundi la mafundi zaidi ya 80. Hapo ni kiwanda. Ndege wote wanaingia kwenye fremu ya saizi moja, tai na shomoro wanakaribia kulingana, na karibu kila mmoja kasimama kwenye kisiki au kichuguu, sababu walikuwa wamekaushwa wakiwa juu ya kigingi na Martinet kachora alichokiona. Wanachosha ukiwaangalia 20 mfululizo. Ila kwa mtafiti ni hazina, maana jamaa hakuongeza chumvi.

Walioongeza chumvi walikuwepo. François Levaillant alikuwa Rasi ya Afrika Kusini kuanzia 1781, akarudi Ufaransa akatoa juzuu kubwa za ndege wa Afrika kuanzia 1796. Aliona mambo kweli, pungu, yule tai wa mkia mfupi anayeyumba angani kama mtembea kamba, jina lake la Kifaransa na Kiingereza limetoka kwa Levaillant, na yule ndege wa kijani mwenye tumbo jekundu anayekaa kimya kwenye misitu yetu pia, Narina, alimpa jina la binti wa Kikhoikhoi aliyemvutia. Lakini 1857 msomi wa Sweden, Sundevall, alikaa chini akakagua kazi yote, akakuta wengine sio wa Afrika kabisa na wengine ni feki, ngozi zilizoungwa za ndege zaidi ya mmoja. Mchoraji hana kosa, alichora ngozi aliyoletewa.

Kwangu mimi kazi bora ya karne nzima haikufanyika Ulaya. Ilifanyika Calcutta, India. Mary Impey, mke wa jaji mkuu wa mahakama ya Waingereza pale, alifuga ndege na wanyama bustanini kwake, na kuanzia 1777 akaajiri wachoraji kutoka Patna, kwanza Shaikh Zain ud-Din, baadaye Bhawani Das na Ram Das. Hawa walikuwa na urithi wa uchoraji wa Wamughali, wafalme wa Kiislamu waliotawala India, walishajua kuchora unyoya mmoja mmoja kabla hawajaambiwa na mtu. Wakapewa karatasi kubwa ya Kiingereza na ndege aliye hai mbele yao. Matokeo ni zaidi ya picha 300, nyingi za ndege, jicho lina unyevu, kucha zimeshika tawi kweli. Na pembeni kumeandikwa kwa herufi za Kiajemi jina la ndege na jina la mchoraji. Linganisha na yule mbeba sanduku wa Catesby. Familia iliporudi Uingereza, John Latham, mtaalamu wa ndege wa Kiingereza, alizitumia kueleza ndege wapya kwa wasomi, na mmoja wa wale wa milima ya Himalaya, wa jamii ya kwale anayeng'aa rangi saba, alipewa jina la Impey. La Zain ud-Din hapana, ingawa kwenye picha lipo.

Edwards naye alikuwa na mchoro wa dodo, ndege wa Mauritius aliyekwisha kabisa karne ya 17, uliochorwa na Roelant Savery miaka ya 1620. Akautumia kutengeneza dodo wake kitabuni akamwekea na simbilisi pembeni, afu 1759 akautoa kwa British Museum. Dodo mnene wa katuni unayemjua wewe kwa sehemu kubwa ni wa huo mchoro, wataalamu wa mifupa siku hizi wanamwona mwembamba zaidi.

Turudi kwa kina Forster. Kwenye ile safari ya Cook baba alikwenda na mwanae Georg kama mchoraji. Tarehe 1 Juni 1774, kisiwa cha Raiatea katika Pasifiki, wao wakikiita Ulieta, Georg akiwa na miaka 19 alichora ndege mmoja wa kahawia, wa kawaida tu, hana madoido. Baba akaandika maelezo yake kwa Kilatini. Ngozi ikaingia kwenye mkusanyiko wa Joseph Banks London, Latham akaiona akaielezea, afu ikapotea. Hakuna aliyemwona tena ndege huyo, Raiatea wala popote. Kilichobaki ni karatasi ya Georg, ipo Makumbusho ya Historia ya Asili London, na maelezo hayo ya Latham na ya baba. Wataalamu bado wanabishana alikuwa wa jamii gani, wengine wanasema kwezi wengine wanasema hapana, na wanabishana wakiwa wameinamia mdomo, mkia na jicho vilivyopakwa na kijana wa miaka 19 siku ileile ndege alipoletwa.

Maelezo ya baba, safari hii ya ndege aliyemwona kweli, yalikaa bila kuchapishwa mpaka 1844. Mwenyewe alishakufa tangu 1798, na ndege alishapewa jina na mtu mwingine ambaye Raiatea hakuwahi kukanyaga.